Mchezo wa Kwanza Haupotei

Mwanafunzi akiacha mchezo mmoja akashika mwingine, je, jasho lake la kwanza limepotea? Mimi nasema la, na mfano wangu ni pikliboli.

Mchezo huu ulianzishwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani. Uwanja wake, futi 44 kwa 20, ni sawa na ule wa vinyoya wa wachezaji wawili wawili. Kibao chake hakina nyuzi, kama cha mpira wa meza. Ben Johns, mchezaji wa kulipwa, alicheza tenisi na mpira wa meza kabla ya kuanza pikliboli mwaka 2016. Anna Leigh Waters alicheza tenisi na kandanda. Jack Sock, bingwa wa Wimbledon wa wawili wawili mwaka 2014, alihamia pikliboli mwaka 2023.

Lakini yako ya kujifunza upya. Katika futi 7 za karibu na wavu, kila upande, ni marufuku kuupiga mpira kabla haujadunda chini. Mcheza tenisi aliyezoea kuukimbilia wavu hana budi kujizuia.

Basi, ndugu yangu uliyekosa nafasi katika timu ya kandanda, usidharau wepesi wa miguu ulioupata huko. Nenda nao kwenye mchezo mwingine, lakini nenda kama mwanafunzi.