SOMO: Anayesomea Biashara Chuoni, Nje ya Darasa Afanye Nini?

Tunapotembelea vikundi, kuna lalamiko ambalo tumelisikia kwa wazazi zaidi ya mara moja. Kijiji kilifanya harambee, mbuzi wakauzwa, kijana akaenda chuo kikuu kusomea biashara. Akamaliza digrii ya kwanza, sasa yuko kwa ile ya pili inayoitwa MBA. Lakini akija nyumbani likizoni hazungumzii mitihani. Anazungumzia klabu, mashindano, safari na mikutano ya jioni. Wazazi wanashtuka. "Kwani tulimpeleka huko kucheza?"

Swali hilo ni la haki, maana pesa ni za watu. Hebu basi tuangalie pamoja mambo haya ya nje ya darasa. Yapi yanamsaidia mwanafunzi wa biashara, yapi yanamla wakati bure, na kikundi chenu kinaingia wapi. Kwa sababu kinaingia, tena sana.

Darasa lina mpaka wake

Darasani mwanafunzi hufundishwa hesabu, uuzaji, usimamizi wa watu na sheria za biashara. Ni mambo mazuri. Lakini yanamjia yakiwa yamepangwa: swali limeandikwa kwa karatasi, takwimu zote ziko hapo chini yake, na mwalimu anajua jibu. Sokoni hakuna karatasi. Mteja hakwambii kwa nini leo ameenda kununua kwa jirani. Mwanachama aliyekopa hasemi kwamba pesa zilienda kulipa hospitali. Mwenye kusomea biashara lazima ajifunze kuuliza, kusikiliza, na kukisia jambo ambalo halijasemwa. Haya huyapata nje.

Nje kuna mengi. Kuna klabu za wanafunzi, mashindano ya kuandika mipango ya biashara, mazoezi ya kazi katika kampuni, mihadhara ya wageni, kujitolea katika mashirika, hata vyama vya wanafunzi vya kuweka akiba. Na hapa ndipo wengi wanapotea! Mwanafunzi mgeni anajiandikisha kila mahali. Baada ya miezi mitatu ana fulana tano na vyeti vinne, na hakuna kazi hata moja aliyoifanya akaimaliza.

Tena tukumbuke kwamba hapa Kenya wengi wanaosomea MBA ni watu wazima wenye kazi. Mchana wako ofisini, jioni au Jumamosi wako darasani, na nyumbani kuna watoto. Mtu kama huyo hana saa za kutapanya. Ushauri wetu kwake ni achague mambo mawili tu kwa mwaka. Moja limkutanishe na watu wa kazi anayotaka kuifanya. La pili limpe mzigo wa kweli wa kubeba: pesa za kuhesabu, bidhaa za kuuza, au watu wa kuongoza. Katika klabu, afadhali awe mweka hazina kuliko kuitwa makamu wa tatu wa mwenyekiti. Mweka hazina huulizwa maswali.

Mashindano je? Yanaweza kuleta pesa nyingi. Mwaka wa 2013 wanafunzi watano wa MBA wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, walishinda dola milioni moja katika mashindano ya Hult Prize. Mpango wao ulikuwa kufuga wadudu wa kuliwa. (Nyinyi wa magharibi mliokula kumbikumbi tangu utotoni, msicheke sana.) Baadaye kazi hiyo iliwafikisha Ghana, kwenye ufugaji wa funza wa michikichi. Lakini mshindi ni mmoja na walioshindwa ni maelfu. Anayeingia mashindano kwa ajili ya zawadi peke yake hurudi mikono mitupu. Anayeingia ili mpango wake ukosolewe na watu wanaojua biashara, huyo amepata kitu hata akitolewa siku ya kwanza.

Mwanafunzi aliyefika Bungoma

Mfano tunaoupenda zaidi ulitokea hapa kwetu. Mwaka wa 2005, Mmarekani Andrew Youn alikuwa mwanafunzi wa MBA katika shule ya biashara ya Kellogg, ya chuo kikuu cha Northwestern karibu na Chicago. Akafunga safari mpaka magharibi mwa Kenya, akatembelea wakulima wa Bungoma. Hakukuwa na mtihani wa safari hiyo.

Mwenyewe husimulia kwamba alikutana na familia mbili zinazolima mahindi. Familia moja ilikuwa ikipata tani mbili kwa ekari. Nyingine ilipata karibu robo ya hiyo, na watoto walikuwa na njaa. Ardhi ni ile ile, mvua ni ile ile. Tofauti ilikuwa mbegu bora, mbolea, na namna ya kupanda.

Sasa, sisi wa kijijini tungesema, "Hilo kila mtu analijua." Ni kweli. Lakini yeye alikuwa akisomea biashara, kwa hivyo akajiuliza swali la biashara: kama faida ni kubwa hivi, kwa nini familia ya pili hainunui mbegu na mbolea? Jibu halikuwa ujinga wala uvivu. Pesa hazipo wakati wa kupanda, duka liko mbali, na benki haimkopeshi mtu wa nusu ekari. Mwaka wa 2006 akaanza na familia karibu 40. Walikopeshwa mbegu na mbolea badala ya pesa taslimu, wakaletewa karibu na nyumbani, wakafundishwa kupanda kwa kupima nafasi, wakalipa kidogo kidogo. Hilo ndilo shirika la One Acre Fund, ambalo leo linafanya kazi na wakulima wengi sana katika nchi kadhaa za Afrika.

Hatusemi kila mwanafunzi ataanzisha shirika. Na huyu alikuwa na nauli ya ndege, jambo ambalo kijana wetu hana. Lakini kijana wetu ana kitu ambacho Youn hakuwa nacho: anaijua lugha, na anaijua njia ya kufika kwa nyanya yake. Nauli yake ni ya matatu tu. Kinachobaki ni kuuliza maswali kama mgeni, na hapo ndipo penye ugumu. Mtu aliyezaliwa mahali huacha kuona.

Wakati mwingine kazi yenyewe ni ndogo kabisa. Mwaka wa 1976, profesa Muhammad Yunus wa chuo kikuu cha Chittagong, Bangladesh, alikuwa akienda na wanafunzi wake katika kijiji cha Jobra karibu na chuo. Alimtuma mwanafunzi mmoja aandike majina ya watu waliokuwa wakikopa kwa wafanyabiashara, na deni la kila mmoja. Orodha ikaonyesha watu 42. Deni lao wote pamoja lilikuwa kama dola 27! Kutoka hapo ilikua Benki ya Grameen, na mwaka wa 2006 Yunus na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kazi ya mwanafunzi yule ilikuwa kuandika orodha.

Kikundi chenu kama darasa

Sasa tuseme kijana wenu, au mwanafunzi mwingine, amekuja kwenye kikao akisema anataka kujifunza na kusaidia. Mpe nini? Msimpe hotuba ya kutoa. Mpeni daftari la mradi na siku tatu.

Tuchukue mradi wa kuku wa mayai, kwa sababu vikundi vingi vinao. Bei tunazotaja ni za mfano tu, nyinyi wekeni za soko lenu. Mna kuku 100 na mnaokota mayai 70 kwa siku. Mnauza yai shilingi 11, hiyo ni 770. Kuku mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hivyo wote wanakula kilo 12. Gunia la kilo 70 likiwa shilingi 3,500, kilo moja ni shilingi 50, na chakula cha siku ni 600. Zinabaki 170. Pesa ziko kwa mkebe, watu wanafurahi, mwisho wa mwezi wanagawana.

Mwanafunzi aliyesoma hesabu atauliza: kuku wenyewe je? Mlimnunua kila mmoja kwa shilingi 700 akiwa karibu kuanza kutaga. Mwaka ukiisha mtamuuza kwa 350. Kila kuku amepoteza shilingi 350, na kuku 100 wamepoteza 35,000. Gawanya kwa siku 365, ni kama shilingi 96 kila siku. Toa hizo kwa 170, zimebaki 74. Mkiwa wanachama 20, kila mmoja amepata chini ya shilingi nne. Na bado hatujanunua dawa wala maranda, wala hatujahesabu waliokufa. Mayai yakishuka kufika 60 kwa siku, mnapata 660, chakula 600, kuku 96. Mnapoteza shilingi 36 kila siku mkidhani mnafanya biashara!

Hivi ndivyo vikundi vinavyokufa. Siku kuku wanapozeeka hakuna pesa za kununua wengine, kwa sababu ziligawanywa kama faida. Halafu watu wanaanza kumshuku mweka hazina, mama wa watu ambaye hakuiba hata senti.

Chuoni kupoteza thamani huku kunaitwa uchakavu, na mwanafunzi amekufanyia mtihani. Lakini mpaka asimame mbele ya akina mama 20 awaeleze kwa nini wasigawane zile 170, bila kutumia neno moja la kitabu, bado hajakujua. Wakimwelewa, amefaulu. Wakikasirika, arudi kesho na mifano ya kuku wao wenyewe.

Jihadharini pia

Si kila mgeni mwenye kalamu ni wa faida. Wapo wanaokuja mara moja, wanapiga picha, wanauliza maswali ya masaa mawili wakati wa kupalilia, kisha hamuwaoni tena. Picha zenu zinaenda kwenye mashindano, nyinyi hamjui hata mlisemwa vipi. Kwa hivyo kikundi kiweke masharti kabla ya kufungua daftari.

Mwanafunzi alete barua ya chuo na kitambulisho. Aseme kazi hii ni ya nini: ya digrii, ya klabu, au ya mashindano. Kama kuna zawadi, kikundi kitapata nini? Hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao mapema, si baada ya kushinda. Picha na majina ni kwa ruhusa ya mwenyewe, na sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 iko upande wenu. Daftari lisitoke nje ya kijiji; akitaka anakili hapo hapo. Namba ya siri ya M-Pesa ya kikundi haimhusu kabisa, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Hasa kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Na sharti tunalolisisitiza ni hili: arudi. Safari ya kwanza ni ya kuchukua, ya pili ni ya kuleta. Alete majibu kwa lugha ambayo wote wanaielewa, asome mbele ya kikao, aulizwe maswali, aache nakala kwa katibu. Kwake pia safari ya pili ina uzito. Mwajiri akimuuliza alifanya nini nje ya darasa, hatataja jina la klabu tu. Ataeleza kikundi kilikuwa kikipoteza shilingi ngapi, alijuaje, na wanachama waliamua nini.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Kijijini kwetu nani anasomea biashara chuoni? Tumewahi kumwita kwenye kikao, au tunamwita wakati wa harambee tu?

2. Chukueni mradi wenu mmoja. Ni kitu gani kinachozeeka au kuisha ndani yake (kuku, pampu, baiskeli, cherehani) ambacho hatukukihesabu mwaka uliopita?

3. Mara ya mwisho wageni walipokuja kutuuliza maswali, walirudi? Nani kati yetu ana nakala ya walichoandika?

4. Tukipokea mwanafunzi likizo ijayo, tumpe kazi gani ya siku tatu, na nani atakaa naye?