Mkipanda Meli Wawili, Shukeni Wawili



Wadogo zangu wa Malampaka, na ninyi wa Malya, Maswa na Bariadi, leo tuongee safari. Sisemi safari ya msiba, wala ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, wala ya harusi ya shemeji. Nasema safari ya mke na mume, basi. Wengi wenu mmeziona kwenye simu zile meli za kitalii za Karibea. Mojawapo ya zilizo kubwa kabisa, Icon of the Seas, ilianza safari zake kutoka Miami Januari 2024 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Leo mtu na mkewe wanashuka kisiwani kutembea, kesho mchana kutwa hakuna nchi kavu, ni maji tu na wao wawili. Halafu unaiweka simu chini, unashika jembe, unajisemea hayo ni ya wenzetu.

Meli ile ni ya wenzetu, sikatai. Lakini usiku wa kwenda na wa kurudi majini, na siku moja kwenye bandari ya ugenini, vinaanzia Mwanza hapo, na kaya inayolima pamba inavimudu ikikusudia. Meli yenyewe ni MV Victoria, iliyoundwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye nafasi ya abiria 1,200. Safari yake inayojulikana ni ya Bukoba: inaondoka Mwanza usiku, asubuhi inagusa Kemondo, kisha inatia nanga Bukoba, na usiku inageuza. Ratiba hubadilika, na meli huenda matengenezo, kwa hiyo ulizeni kabla hamjafunga begi.

Baba watoto atakwambia basi lina haraka. Ni kweli. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, gari la Bukoba halingoji kivuko tena. Mwambie hivi: kwenye basi kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Kwenye meli mnasimama pamoja pale juu, taa za Mwanza zinarudi nyuma, simu inashika na kuachia, hakuna ng'ombe wa kufungulia wala mgeni wa kupikia. Ni lini mara ya mwisho mliongea saa tatu mfululizo bila mtoto kuingia kati?

Sasa pesa, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Wewe mdogo wangu ndiye uliyepalilia, ndiye uliyechuma, mgongo unaoniambia unauma ni wa shamba hilo. Pesa ya pamba kutoka AMCOS, chama chenu cha ushirika, ikiingia, hesabu ya safari ifanywe siku hiyohiyo, wote wawili mmekaa, kabla madeni ya dukani hayajapiga hodi. Kateni tiketi za kwenda na kurudi pamoja na chakula, halafu kinachobaki kigawanywe. Mwanamke asiposhika chochote mkononi, siku nzima bandarini atatembea nyuma ya mumewe akiomba hata ya chai, na hiyo kwangu siiti mapumziko. Na wewe mume, usimkabidhi pesa kisha ukamuuliza kila shilingi imekwenda wapi.

Mama mkwe au mama mzazi anaweza kukataa kabisa msipande meli. Msimcheke. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea huko huko Bukoba, watu mamia kwa mamia wakafa, na makaburi yako Igoma hadi leo. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, ikaua zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejazwa kupita kiasi. Mkae naye mama, mumweleze mtakavyojilinda. Tiketi iandikwe jina lako kamili, lile la kitambulisho, maana mwaka 1996 abiria wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote na ndugu zao walihangaika sana. Mkiingia tu, kabla ya kutafuta pa kulala, tafuteni jaketi za kuokolea ziko wapi na ngazi ya kutokea ni ipi. Mkiona watu wanajazwa kupita uwezo wa chombo, shukeni. Tiketi iacheni ipotee.

Ziwa lina tabia yake. Radi na mvua hupiga zaidi usiku na alfajiri, na Juni hadi Agosti, wakati wenu wa kuuza pamba, upepo wa kusini-mashariki hulichafua. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Anayechafukwa na moyo akae katikati ya meli, chini, ale kidogo, atafune tangawizi. Michembe na matobolwa, viazi vyetu vitamu vya kukausha, vitawafaa kuliko chipsi zenye mafuta. Chumba cha watu wawili cha daraja la kwanza kikiwezekana, kateni mapema.

Kuna jambo la usiku wa melini nimelisikia kwa dada wengi. Mume akishafika melini anakutana na wenzake, anakwenda zake kwenye vinywaji, mke anabaki analinda mabegi mpaka kunakucha. Baba, hukumleta awe mlinzi. Soda moja au bia moja mnaweza kunywa mkiwa pamoja, kisha mkalale.

Kemondo msishuke kufuata ndizi, meli inashusha mizigo na haitamngoja mtu. Ngojeni Bukoba. Pale mna mchana wenu, na hapa ndipo wanandoa wengi huipoteza safari. Mmoja ana orodha ya vitu vya kununua vya mtaa mzima: kahawa ya huyu, mikungu ya ndizi ya yule, senene wa shangazi. Mwingine amewapigia ndugu watatu simu kwamba anakuja. Kufikia saa kumi mmekaa sebule tatu, mmekula mara tatu kwa adabu, hamjauona hata ufuko. Mkiwa na ndugu wa kuamkia, chagueni mmoja, mkamsalimu jioni mkielekea bandarini. Vitu vya kununua viwe vya nyumbani kwenu, navyo mnunue mwishoni. Senene wenyewe msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba.

Asubuhi iwe yenu. Tembeeni kwa miguu ufukoni, mkitazame kisiwa cha Musira kule mbele. Ingieni kanisa kuu la Bukoba, alikozikwa upya mwaka 2012 Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, aliyepewa cheo hicho mwaka 1960. Hata kama si Wakatoliki, mtaingia kwa heshima na mtatoka na cha kuwasimulia watoto. Mchana kuleni ndizi zilizopikwa na maharage, au samaki, mahali mlipopachagua wote. Chukueni mwavuli, Bukoba mvua yake si ya Simiyu. Na kama mmoja anataka kulala kidogo na mwenzake anataka kutembea sokoni, mwachie. Mkubaliane tu mnakutana wapi na saa ngapi.

Saa ya kurudi isiwe ya kubishania. Muwe getini zikiwa zimebaki saa mbili meli ing'oe nanga, na usiku wa kurudi msiufanye wa kuhesabiana makosa. Kama kuna lililokuuma mchana, liseme kwa upole, mara moja, kisha mlale.

Reli mpya ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, inapita hapo Malampaka, na ikikamilika njia ya kwenda ziwani itakuwa nyepesi zaidi. Lakini msiingoje. Watoto wapelekeni kwa bibi, kila mmoja wenu ashike kitambulisho chake, na kwenye dirisha la tiketi, Bandari ya Mwanza Kaskazini, nendeni wote wawili.