Kuwapeleka Watoto wa Saza Malawi

Mwambie mtoto wa Saza, kwetu Songwe, kwamba jirani yetu Malawi ni nchi ya milima isiyo na bahari, naye atakuuliza: wanakula nini huko? Mjibu: ugali, ila wanauita nsima. Hapo safari imeshaanza.

Piteni Mkwajuni na Galula hadi Mbalizi, mshike barabara ya TANZAM mpaka Mpemba, karibu na Tunduma, kisha mkate kushoto kwenda mpaka wa Isongole, wilayani Ileje. Wengi watawashauri mpaka wa Kasumulu. Mimi, nikiwa na watoto, ningepita Ileje, kwa ajili ya vilima. Masweta yakae juu ya begi; mtoto aliyezoea joto la bonde la Rukwa atatetemeka. Kila mtoto awe na pasipoti yake au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na kadi ya homa ya manjano. Kama ni mzazi mmoja tu anayesafiri nao, barua ya mwenzake hupunguza maswali. Mkivuka, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Hilo litawachekesha kutwa nzima.

Mto unaotutenganisha na Malawi ni Songwe, jina lile lile la mkoa wetu ulioanzishwa mwaka 2016. Karibu na Ziwa Nyasa mafuriko huuhamisha, na mkulima huamka shamba lake likiwa ng'ambo. Lakini watu hawakugawanyika: Kindali kinasemwa Ileje na kwenye vilima vya Misuku pia, Kilambya Ileje na Chitipa. Mbele zaidi ni Kitumbuka. Wafundisheni watoto kuulizia hali: "Muli uli?" Na wakipewa kitu, wapokee kwa mikono miwili.

Mkifika Karonga, ufukweni mwa ziwa, msikose makumbusho: mna mifupa ya kuigiza ya Malawisaurus, dinosaria aliyeishi huko zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ufukweni watoto wataapa kwamba hiyo ni bahari, waonje maji. (Sisi twaliita Ziwa Nyasa, wao Ziwa Malawi. Ubishi huo uachwe nyumbani.) Kuogelea hapana: kuna kichocho na mamba.

Kutoka Chitimba, barabara ya vumbi hupanda Livingstonia, misheni ya Waskoti ya mwaka 1894 iliyokimbia malaria ya ufukweni. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Barabara hiyo ina kona kali 20. Watoto wazihesabu kwa sauti. Kule juu, pasipo na ukungu, wataona milima ng'ambo ya maji na kuuliza ni nchi gani ile. Ni Ludewa, kwetu Tanzania.