Karata Tano za Bei Moja

Mwaka 1993 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Katika toleo lake la kwanza mna karata tano ambazo mwalimu yeyote wa sayansi angezitamani kwa jaribio. Kila moja hulipiwa mana moja (mana ndiyo sarafu ya mchezo huu), na kila moja hutoa kitu kwa hesabu ya tatu. Lightning Bolt hupiga pigo la pointi tatu. Giant Growth hukiongezea kiumbe chako, yaani karata inayokupigania mezani, nguvu tatu na ustahimilivu tatu kwa zamu moja. Dark Ritual hutoa mana tatu. Healing Salve hurudisha pointi tatu za uhai, au huzuia pigo la kiasi hicho. Ancestral Recall hukupa karata tatu mpya.

Asiyeujua mchezo angesema zimelingana. Lakini Ancestral Recall ni mojawapo ya karata tisa za miaka ile ya mwanzo zinazohesabiwa kuwa kali kupita zote, na katika mashindano ya mfumo wa Vintage, unaoruhusu karata za kale, mchezaji haruhusiwi kuwa na zaidi ya nakala moja. Healing Salve inaruhusiwa nakala nne, na ni nadra kuona anayehangaika nayo. Bei ni ile ile, hesabu ni ile ile. Tofauti imetoka wapi?

Katika karata za kawaida swali hili halisumbui, maana turufu hutajwa na kanuni na kila mtu anajua kipi kinakula kipi. Hapa hakuna turufu, kwa hiyo itabidi tuanze chini kabisa: mchezaji ana nini, na kipi kati ya hivyo ni adimu?

Anaanza na pointi 20 za uhai na karata saba mkononi, kutoka fungu lisilopungua karata 60. Kila zamu anaokota karata moja, na anaweza kushusha ardhi moja tu. Ardhi ndiyo inayozaa mana, na mana ndiyo malipo ya karata nyingine. Akijaliwa kushusha ardhi kila zamu, zamu ya kwanza ana mana moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Jumla ni mana kumi, na baadhi ya michezo huwa imekwisha kufika hapo. Basi ana hazina tatu: karata, mana na uhai. Mana twaweza kuiita muda, kwa kuwa kanuni huigawa kwa zamu.

Uadimu wa hazina hizi haulingani. Karata huja moja kwa zamu. Mkono ukiisha, unaishi kwa ile unayookota. Anayetumia Ancestral Recall ametoa karata moja akapata tatu, yaani amebaki na mbili za ziada, sawa na mtu aliyepewa zamu mbili nzima za kuokota bila mpinzani kucheza katikati. Uhai una tabia nyingine kabisa. Mchezaji aliyebakiwa na pointi moja hupata mana zile zile na huokota karata ile ile kama mwenye pointi 20. Inayomtoa mchezoni ni pointi ya mwisho peke yake. Zile 19 za mwanzo ni akiba.

Sasa rudia Healing Salve. Kiumbe cha mpinzani kimekupiga pointi tatu, nawe umetoa karata kuzirudisha. Mezani hakuna kilichobadilika. Kiumbe bado kipo, na zamu ijayo kitakupiga tena, ila wewe umepungukiwa na karata moja. Lightning Bolt huondoa chanzo chenyewe: kiumbe chenye ustahimilivu wa tatu au chini hufa, karata moja kwa karata moja, na kama kilimgharimu mwenzako mana tatu wakati wewe umelipa moja, umemnyang'anya muda. Meza ikiwa tupu, karata hiyo hiyo unamtupia mchezaji mwenyewe, na saba kama hizo humaliza pointi zake zote 20. Kwa hiyo haikosi kazi mkononi. Healing Salve nayo ina kazi mbili, lakini zote humsubiri mpinzani aanze.

Ushahidi bora wa hoja hii, kwa maoni yangu, ni karata ya Necropotence iliyotoka mwaka 1995. Inagharimu mana tatu, inakufutia uokotaji wa kawaida, kisha inakuruhusu kununua karata kwa uhai, pointi moja kwa karata moja. Wengi walipoisoma waliona kinachopotea wakaipuuza. Kufikia mwaka 1996 mashindano yalikuwa yamejaa mafungu yaliyojengwa juu yake, kwa sababu ilikuwa inabadilisha akiba isiyofanya kazi kuwa kitu adimu kuliko vyote.

Hapo ndipo Dark Ritual nayo ilipong'aa. Peke yake hutoa mana tatu za papo hapo, halafu haiachi kitu mezani. Lakini ukiwa nayo zamu ya kwanza, ardhi moja inatosha kushusha Necropotence. Hivyo swali "karata hii ina nguvu kiasi gani?" halijakamilika mpaka useme iko katika fungu gani, dhidi ya nani.

Na bei ya Ancestral Recall wabunifu wenyewe waliisahihisha. Mwaka 2001 walitoa Concentrate, inayotoa karata tatu kwa mana nne. Ni karata nzuri, wala haiogopwi.

Limebaki suala la bahati. Karata yenye nakala nne katika fungu la 60 huonekana katika mkono wa kwanza karibu mara 40 kati ya 100. Yenye nakala moja, mara 12 hivi. Karata mbili zinazotegemeana, kila moja ikiwa na nakala nne, hukutana katika mkono huo mara 15 tu kati ya 100, na hapo bado hatujadai ardhi ya kuzilipia. Anayesifu karata kwa mchezo mmoja wa ajabu anasifu hizo 15 na kusahau 85.

Ndiyo maana kupima kwa kucheza kunahitaji subira. Mafungu mawili yenye nguvu sawa kabisa yakipambana mara 100, si ajabu moja likashinda mara 58 kwa bahati tupu. Kwa kawaida matokeo huangukia kati ya 40 na 60. Ili upana huo upungue ufike kati ya asilimia 48 na 52, unahitaji michezo kama 2,500. Basi rafiki yako akikwambia kwamba ameongeza karata fulani na sasa fungu lake halishindiki, muulize kwanza amecheza mara ngapi, kisha muulize ametoa karata gani ili kuipisha hiyo mpya.