Je, shule inaweza kuninyima rekodi za mwanangu?

*Mwanangu yuko Gredi ya Nne. Husimulia vizuri, lakini kusoma kunamshinda. Shule inasema anapewa msaada wa ziada. Nikiuliza ni upi, naambiwa rekodi ni siri. Nifanyeje?*
*Mama, Nakuru*

Mama, kinachokusumbua si kuchelewa kusoma tu, bali pia kufichwa anachofanyiwa mtoto. Anayesimulia vizuri huku maandishi yakimshinda huenda ana disleksia, au tatizo la macho, au hakufundishwa sauti za herufi ipasavyo, na bila rekodi ni vigumu kujua ni lipi. Siri ipo kweli, ila humkinga mtoto na watu wa nje, si na mzazi wake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu mzazi kudai taarifa za mtoto wake, hata katika shule ya kibinafsi.

Wazazi wengi huhofia kwamba barua ya kudai rekodi itamponza mtoto darasani. Basi anza kwa mazungumzo na mwalimu wa darasa, kisha umwandikie mwalimu mkuu ukiuliza: mwanangu anafundishwa nini cha ziada, na nani, mara ngapi kwa wiki, na maendeleo yanapimwaje? Shule ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati huohuo mpeleke mwanao apimwe macho na masikio, kisha katika kituo cha serikali cha kutathmini wanafunzi, EARC. Hayo hayangoji jibu la shule.