Panga Nyumba Ipumue: Feng Shui kwa Boma la Lubao

Feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga makao, siku hizi imejaa kwenye simu zetu: vyura wa dhahabu, sarafu zenye tundu, kengele za kuning'iniza mlangoni. Hivyo viache dukani. Kinachotufaa ni ile desturi ya kuuliza kwanza: upepo unatoka wapi, maji yanaelekea wapi, jua linapiga ukuta gani? Ukizunguka boma lako na maswali hayo matatu, hutakosa la kurekebisha.

1. Usielekeze nyumba kusini kwa kuwa kitabu kimesema.
Kwa Mchina ushauri huo una maana. Nchi yake iko mbali kaskazini mwa Ikweta, jua la majira ya baridi hukaa upande wa kusini, na upepo mkali wa baridi humjia kutoka kaskazini. Sisi wa Lubao, magharibi mwa Kenya, tuko chini ya kilomita 50 kutoka Ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita linatusimamia utosini, Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Ukuta unaoteseka hapa ni wa magharibi, unaochomwa tangu saa nane mpaka jioni. Kwa hiyo anayejenga sasa aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi aweke stoo au madirisha madogo. Nyumba imeshasimama? Panda mti wa lusiola upande huo: hukua upesi, hutoa kivuli, na baadaye hukupa nguzo. Mkaratusi upeleke mbali, kwani hunywa maji mengi na matawi yake hukatikia juu ya mabati siku ya dhoruba.

2. Mlango mkuu uwe wazi, lakini usianike nyumba nzima.
Ondoa jembe, jerikeni na lundo la viatu pale kizingitini. Mgeni asiruke vitu kabla hajasalimiwa. Feng shui pia haipendi mlango wa mbele ulingane moja kwa moja na wa nyuma. Waswahili wa Lamu walilijua jambo hilo kwa njia yao: katika nyumba zao za mawe unapita daka la mlangoni, kisha njia inakata kona, na mpita njia haoni wenyeji wamekaaje. Kwetu mlango hufunguka moja kwa moja sebuleni. Pazia jepesi kwenye mlango wa ndani linatosha, maana hewa bado itapita.

3. Punguza sebule.
Tunazipenda sebule zetu, na ni haki yetu. Hata hivyo, tazama ukutani: kalenda za miaka iliyopita zimetundikwa moja juu ya nyingine, maua ya plastiki yamebadilika rangi kwa vumbi, na vitambaa vya kufuma vimefunika hata meza ambayo haijawahi kuonekana mbao zake. Bakisha picha za wazee na kalenda ya mwaka huu. Vitambaa vifue, uvitumie kwa zamu.

4. Mahindi yasilale na watu.
Baada ya mavuno magunia hupangwa chumbani hadi karibu na dari, kwa kuogopa wezi. Feng shui hukataza kurundika vitu chini ya kitanda na kandokando yake, na hapa sababu iko wazi kabisa: gunia huleta panya, na dawa ya unga inayotiwa mahindi haifai kuvutwa usiku kucha. Tenga chumba chenye kufuli. Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, yasinyonye unyevu.

5. Kitanda kione mlango.
Kichwa kiegemee ukuta imara, mlango uuone ukiwa umelala, ila miguu isiuelekee moja kwa moja. Acha nafasi pande zote mbili ili neti ichomekwe vizuri chini ya godoro; kwetu malaria haina likizo.

6. Moto upewe njia ya moshi.
Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Anayeuvuta zaidi ni mama anayesonga ugali, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Toboa dirisha la juu mkabala na mlango wa jikoni, acha mwanya chini ya paa, tumia kuni zilizokauka, na ukiweza acha mafiga matatu ujenge jiko la udongo lenye bomba la moshi.

7. Maji yatembee polepole.
Mvua yetu ya alasiri hushuka kwa kishindo na kuchimba msingi. Weka mifereji ya paa hadi kwenye tangi, na maji ya ziada uyapitishe kwenye migomba na kitalu cha mboga za saga na managu.

8. Makaburi yatunzwe.
Maandishi ya kale ya feng shui yanayohusishwa na Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, yalihusu mahali pa kuzika. Sisi tunaozika bomani tunaelewa. Fyeka nyasi, panda maua, usianike nguo wala kutupa taka pale.

9. Mlinzi apewe mahali pake.
Langoni mwa majumba makubwa Wachina huweka simba wawili wa mawe. Lubao tuna soko la mbwa la Ijumaa, linalojulikana mbali, na wengi huondoka pale na mbwa aliyefungwa kamba bila kufikiria atalala wapi. Mjengee kibanda kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye kivuli saa tisa, mahali anapoona lango na mlango wa nyumba kwa pamoja. Maji yake yawe safi, na chanjo ya kichaa cha mbwa apate kila mwaka.