Mchubuko Mdogo Usiachwe Ukauke

Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, ngozi huchubuka kirahisi: kona ya bati, msumari wa kreti, mkokoteni unaopita kwa kasi. Mtu anafunga biashara, anarudi Upanga na goti lenye vumbi, na nyumbani anaambiwa, "Kiache kidonda wazi kipigwe upepo, kikauke." Ushauri huo umezoeleka, ila unachelewesha kupona. Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alionyesha, kwa majaribio ya ngozi ya nguruwe, kuwa kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya takriban mara mbili haraka kuliko kilichoachwa hewani. Gaga gumu huzilazimu chembe za ngozi kujipenyeza chini yake zikitafuta unyevu.

Kwa hiyo nawa mikono, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua, kisha kioshe kwa maji safi yanayotiririka hadi mchanga wote utoke. Spiriti iweke kando, maana huunguza hata nyama changa inayoota. Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa kidonge cha rangi mbili: hivyo visikiguse kabisa. Paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa plasta au bandeji, badilisha kila siku, na kwa joto la Dar, kila inapolowa jasho.

Siku mbili tatu za mwanzo kuvimba kidogo ni kawaida. Cha kuogopa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, au homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo weka mgongo wa kiganja karibu na kidonda, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto.

Shimo dogo la msumari linanitia hofu zaidi kuliko mchubuko mpana. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na hustawi pale hewa isipofika. Chanjo za utotoni hupungua nguvu miaka ikipita, hivyo aliyechomwa awahi kituo cha afya akaulizie sindano, hata kama damu imekoma na hasikii maumivu. Mwenye kisukari naye aende mapema, hasa kidonda kikiwa mguuni. Hospitali ya Muhimbili iko hapahapa Upanga, lakini kwa jambo kama hili anza na zahanati ya jirani.